Sheria Iliyokaa Chini kwa Adabu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, kazini wanamwita Mama Risasi. Mgeni akisikia jina hilo hutoa macho, kumbe ni ule waya laini wa kulehemu tu. Amelehemu miaka kumi na moja katika karakana yetu ya vifaa vya hospitali na hajawahi kuunguza hata kipande kimoja. Hapo natia chumvi. Aliunguza viwili, na kimoja ni mimi niliyemgonga kiwiko.

Kazi yangu mimi ni kupima. Bodi, yaani vile vibao vya umeme vya ndani ya vifaa, zikishalehemiwa huja mezani kwangu, naziwasha, naandika nzima au mbovu. Sina subira na watu wanaojishusha, na wifi ana ugonjwa huo. Mlangoni hupisha watu wote mpaka yeye mwenyewe anasahau alikuwa anakwenda wapi. Lakini ana kichwa. Miaka miwili mizima, wenzake wakienda kula mchana, yeye alikuwa stoo kwenye kompyuta kuukuu, anajifundisha kuchora bodi. Hatimaye bosi akamkabidhi moja aichore mwenyewe, ya kifaa kinachomwezesha daktari kuona kwenye kioo ndani ya sikio la mgonjwa.

Katika bodi hiyo zimo njia nyembamba za shaba zinazotoa picha kwenye kamera na kuifikisha kwenye kioo. Zinakwenda mbilimbili, kama watu wawili waliobeba meza. Wakiachana, au mmoja akizunguka njia ndefu, meza iko chini. Kwa hiyo programu ya kuchorea huwekewa sheria: hizi ni jozi, nafasi kati yao iwe hii, urefu usipishane zaidi ya hapa. Ukikosea inakupigia alama nyekundu. Wifi aliiandika sheria hiyo nikiona kwa macho yangu. Alipomaliza kuchora, programu ikasema makosa sifuri.

Bodi ikatengenezwa, ikaja, nikaiwasha. Picha ikapasukapasuka mistari mitupu. Ikanibidi niandike mbovu kwenye kazi ya wifi yangu mwenyewe, na mkono ulikuwa mzito kweli.

Bosi hakufoka. "Mama, tutaagiza mara moja tu nyingine," alisema. "Ikikataa tena, nitatafuta mchoraji kutoka nje, na wewe utarudi kwenye kulehemu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi. Asante."

Asante ya nini? Mimi ndiye niliyewaka kwa niaba yake.

Siku mbili akaukagua mchoro ule, na kila akiiuliza programu, jibu ni lilelile: sifuri. Mchana wa siku ya pili nikamkuta ameshika tama.

"Wifi," akaniambia, "pengine mimi ni mtu wa kulehemu tu."

"Acha upuuzi. Ukishika mita kupima waya, unaanza na nini?"

"Nagusanisha ncha mbili za mita yenyewe, nisikie kama inalia. Kama hailii, basi ubovu uko kwenye mita, siyo kwenye..."

Akageukia kompyuta, akaikamata njia moja ya shaba na kuivuta makusudi mbali na mwenzake, mpaka ukingo wa pili wa bodi. Hata asiyejua kitu angeona huo ni uharibifu. Akaiuliza programu. Makosa sifuri.

"Hailii," akasema taratibu.

Tukafungua orodha ya sheria. Nyingi ziliandikwa na bosi zamani, na ya juu kabisa inasema njia yoyote ipite popote, mradi isigusane na nyingine. Kumbe programu inasoma kuanzia juu, na ikikuta sheria inayoihusu njia, inaishia hapohapo. Sheria ya wifi ilikuwa mwisho kabisa. Haikuwa imesomwa hata siku moja.

"Kwa nini uliiweka huku chini?"

"Hizi ni za bosi. Ningeiweka yangu juu ya zake, ningeonekana mtu wa namna gani?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikataka kulia. "Wifi, hii ni kompyuta, siyo mama yako! Heshima zako haizioni!"

Akaipandisha sheria yake juu ya zote. Kioo kikajaa wekundu.

"Arobaini na tatu!" akapiga kelele. "Makosa arobaini na tatu!" Alishangilia utadhani kapata mjukuu, na wale wa kulehemu wakageuka kutushangaa.

Siku nne akachora upya. Njia iliyo fupi aliipindapinda ili ifikie urefu wa mwenzake, na wekundu ukawa unafutika kidogokidogo. Siku ya kuituma, aliivuta njia moja pembeni tena. Programu ikalia, naye akairudisha mahali pake.

Bodi mpya ilipofika, bosi alikuja kusimama nyuma yangu. Nikaiwasha, nikaingiza kamera kwenye sikio la wifi mwenyewe. Kwenye kioo likatokea sikio, limetulia, kila kinyweleo unakihesabu. Nikaandika nzima. Machozi yalinitoka, sifichi.

"Kosa lilikuwa wapi?" bosi akauliza.

Nikangoja wifi ajishushe. Hakujishusha. Alisema sheria yake ilikaa chini ya zile za bosi, kwamba hapo si mahali pake, na kwamba aliligundua hilo kwa kuvuruga mchoro makusudi na kuona programu hailii, ndipo akaipandisha. Kuomba radhi hakuomba. Bosi akakuna kidevu, akaondoka zake. Nikajua tayari, kaudhika.

Akarudi na kiti mkononi na kompyuta yake kwapani. Akakiweka kiti kando ya meza ya wifi, akakaa, akafungua mchoro wake mwenyewe, wa bodi iliyomsumbua tangu mwaka jana.

"Mama," akasema, "hebu nivurugie na huu wangu, tuone kama utalia."