Huendi! Haya, Kisha?

Ujinga wangu ulikuwa huu: safari ya kwenda kusoma ng'ambo imekaribia, mama hajasema ndiyo wala hapana, na mimi nakaa kumsomea riwaya ya mauaji ya wanafunzi walioko ng'ambo! Nilikuwa nimeinunua kwa muuza mitumba pale Omurushaka. Kiingereza kitupu, nikawa natafsiri huku tukichambua kahawa uani, kwetu Kihanga.

Binti mmoja akakutwa amekufa chumbani kwake bwenini. Sumu. Mama akatupa ungo. "Na huko ndiko unakokwenda? Huendi!"

Nikafunga kitabu, haki ya Mungu nikitaka kulia. Kidogo tu, mama akanitazama kwa jicho la pembeni. "Haya, kisha?"

Basi kahawa ikadoda. Mama akamshuku mpenzi wa marehemu, akamgeukia mwalimu wake, akampigia simu mama mdogo kule Mabira wabishane. Siku moja akajipiga kofi gotini: "Ni yule rafiki yake! Alimmiminia divai, mwenyewe hakuonja!" Kwetu anayekukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, huonja yeye kwanza ndipo akupe. Nikamcheka: mama we, huko hawaonjeani! "Soma!" Nikasoma mbio mpaka ukurasa wa mwisho. Waitu, jamani, ni yeye! Mama akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kama nimechumbiwa.

Nikaona hapo hapo pa kuombea. "Mama, sasa niende?"

Furaha yote ikamtoka usoni. "Muuaji nimemjua," akasema. "Nisiowaelewa ni wale wengine. Mwenzao kalala siku mbili amekufa, ukuta kwa ukuta nao, hata mmoja asigonge kumuuliza ameamkaje?"

Akavuta ungo wake, akaanza kuchambua tena.

"Utakwenda. Ila ukifika, kabla hujafungua begi, gonga kila mlango. Uwajue, wakujue."

Nilifika, nikagonga, aibu imenijaa. Mlango wa mwisho ulifunguliwa na dada mmoja, macho yamemvimba. Nikamwambia nimekuja kumsalimia tu. Akanishika mkono, asiuachie. Amekaa pale mwaka mzima, akasema, na hakuna aliyewahi kumgongea.