Gari Lisiloshiba kwa Mama

Ndugu yangu mdogo alipolileta gari lile nyumbani Boito, kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitafutia kasoro. Nililizunguka, nikapiga gurudumu teke, nikainama kutazama chini yake kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Sikupata kitu. Lilikuwa jeupe, linang'aa, na lilipopanda njia ya udongo wa murram kutoka barabarani halikutoa sauti hata kidogo. Kuku wa mama waliponea chupuchupu kwa sababu hawakulisikia likija.

Alitueleza kwamba gari lenyewe linakula vyakula viwili. Ubavu mmoja una mahali pa kutilia petroli kama gari lolote. Ubavu wa pili una kifuniko kingine, na hapo ndipo unapochomeka kebo ya stima. Stima ikijaa inamtoa kwetu mpaka Kericho mjini, anakofanya kazi ya ofisi, bila kugusa petroli. Stima ikiisha njiani, petroli inaingia kazini yenyewe. Alieleza hayo akiwa amezungukwa na majirani, huku mama yuko nyuma ya nyumba akikimbizana na jogoo wa kuchinjwa. Mimi nilisimama pembeni na gambuti zangu za matope, nikijifanya naangalia hali ya mvua.

Nasema wazi, nilikuwa na wivu. Macho hayana pazia, na yangu siku hiyo yalikataa hata kupepesa. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani baba alipofariki. Ninachuma majani ya chai, ya mama na yangu, ninayabeba mpaka kituo cha kuuzia, ninakamua ng'ombe, ninaziba paa likivuja. Kwa miaka hiyo yote mama hakuwahi kunichinjia jogoo. Siku ile nilikula mapaja mawili, na nikayala kwa hasira.

Kebo ilipitishwa kwenye dirisha la sebule ya mama. Nyumba yangu iko hapo tu, ng'ambo ya ua wa michongoma, na kwangu pia kuna stima. Hakuniuliza. Kwetu nyumba ya mama ni ya kitindamimba. Sisi wakubwa tunaonyeshwa mahali pa kujenga, tunaambiwa asante. Kwa hiyo alipochomeka alikuwa anachomeka kwake. Angeniuliza huenda ningemkatalia, lakini nilitaka kuulizwa.

Chini ya dirisha hilo ndipo kilipokuwa kiti changu. Kila jioni nikimaliza ng'ombe niliketi hapo, mama akaniletea chai, tukazungumza habari za majani na za majirani. Sasa kebo ilipita hapo, na mama akakisukuma kiti mpaka karibu na mlango, penye upepo. Televisheni nayo ikachomolewa ili gari lipate soketi. Mama, ambaye Jumamosi hakosi nyimbo zake za injili, hakulalamika hata mara moja.

Tokeni za stima ndugu yangu alinunua mwenyewe, hilo simnyimi.

Ila gari likawa halishibi. Anafika Jumamosi asubuhi, anachomeka, anakwenda sokoni kukaa na wenzake wa rika, na akirudi jioni anakuta halijafika hata nusu. Usiku haliwezi kuchajiwa kwa sababu mama huzima swichi kubwa kabla ya kulala. Ana hakika stima ikiachwa macho peke yake itachoma nyumba. Na mchana kuna mvua. Anayejua Boito anajua kwamba mvua yetu haikosi kuja baada ya chakula cha mchana, na inakuja na radi. Radi iliua televisheni ya kwanza ya mama, ikaua na ng'ombe wa jirani wakati mmoja. Tangu hapo, wingu likikunja uso, kila mtu kwenye huu mgongo wa mlima hukimbia kuchomoa kila kitu ukutani. Tukiwa shambani utatuona tukitupa vikapu na kukimbia kama tumeitwa.

Basi mama alichomoa gari. Nilijua, na niliona ni haki. Nilifurahi pia, sitadanganya.

Lakini furaha yangu haikudumu, kwa sababu gari lisiposhiba ndugu yangu hakuondoka. Zamani alikuwa anafika asubuhi, anakunywa chai, anaacha sukari na unga mezani, na kabla jua halijageuka ameshaaga. Sasa ilikuwa ni lazima alale. Angeweza kwenda na petroli, hakuna aliyemshika. Ila alikuwa amejisifu kule ofisini kwamba kwenda kwao na kurudi hatumii hata tone, na ndugu yangu ni mtu ambaye akishajisifu hurudi kuulinda ule uongo mpaka uwe kweli. Alilala. Jumapili asubuhi mama alikuwa wa kwanza kuamka kuwasha swichi, gari likanyonya mpaka saa ya kanisa, kisha mama akaketi kiti cha mbele amevaa vile viatu vyake vya kwenye boksi, wakateremka polepole kama maharusi. Mimi nilifuata kwa pikipiki. Mama hajawahi kupanda pikipiki yangu. Husema inamtikisa moyo.

Mwezi wa Januari mvua ilikatika. Jua likawaka mpaka majani yakajikunja, na anga ikawa safi kutwa. Jumamosi moja nilikuwa nimetoka kituoni, nimekaa kwenye kile kiti cha mlangoni, mama akipepeta wimbi. Ndugu yangu aliingia ameshika simu. Simu hiyo, kumbe, humwambia kila gari linapokula na kila linapoachishwa. Ilikuwa imemwambia kwamba lilichomolewa mchana, na likachomekwa tena muda mfupi kabla hajarudi.

"Braza," akasema, "leo hakuna mvua."

Nilimwambia naona hakuna.

"Basi nani amechomoa?"

Hakuwa anauliza. Alikuwa ananitazama mimi, na mke wake, aliyekuja naye siku hiyo, akatazama sakafu kama mtu anayemwonea haya shemeji yake. Ndugu yangu alisema amejua tangu siku ya kwanza, tangu nilivyopiga gurudumu teke. Alisema mtu akikosa lake asizuie la mwenzake. Aliyasema kwa sauti ya chini, ya kiofisi, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Niligeuka kwa mama. Yeye alikuwa nyumbani kutwa. Mimi nilikuwa kituoni kwenye foleni ya mizani ya majani, na watu waliniona. Neno lake moja lingetosha. Mama alipuliza makapi, akageuza ungo, akaendelea kupepeta. Nilingoja. Ungo wake ukanihukumu mbele ya shemeji yangu.

Jumapili walipoondoka nilimfuata mama jikoni. Nilimuuliza kwa nini alichomoa na jua linawaka, na kwa nini aliniacha nionekane kama mchawi ndani ya nyumba yake.

Alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa kwa moshi, na hakusimama. Alisema, "Hiyo gari ikishiba, anaenda. Isiposhiba, analala. Nimemzaa mwisho na namwona kidogo."

"Na mimi, mama? Siku moja nikiamua kwenda?"

Akanitazama, akacheka kidogo bila ubaya wowote. "Wewe? Wewe utaenda wapi?"

Sijui kama kuna kitu mtu ameniambia kikanichoma hivyo. Nilitaka naye aumie, basi nikachukua kilichokuwa karibu. Nikamwambia gari lile lina petroli. Nikamwambia halihitaji stima ili liende, kwamba hata likiwa na njaa kabisa mwanawe anaweza kuliwasha sasa hivi akafika mjini, na kwamba kuchomoa kwake kote kulikuwa kazi bure.

Mama aliweka kibuyu chini. Niliona anafikiri, na nikangoja uso wake uanguke. Haukuanguka. Ulifunguka wote, kama wa msichana.

"Kumbe," alisema. "Basi alikuwa analala mwenyewe. Kwa kupenda."

Nilifungua mdomo nimweleze habari za ofisini na majisifu. Nikaufunga. Nilirudi kwangu nikiwa nimempa ndugu yangu zawadi ambayo hata yeye hakuwa ameileta.

Jumamosi iliyofuata mama hakugusa kebo. Kwa nini ahangaike, na mtoto anakaa kwa kupenda? Kwa kuwa jua lilikuwa kali, hakukuwa na kisingizio cha kuchomoa. Alichinja kuku, akabandika maji ya ugali mapema, akakunjua shuka jipya kwenye kitanda anacholalia ndugu yangu. Kabla ya jioni ndugu yangu alirudi kutoka sokoni, akatazama simu, akanipiga bega na kuniambia amefurahi kuona nimebadilika. Gari lilikuwa limeshiba. Akakunja kebo, akamuaga mama akiwa amesimama, akateremka bila sauti.

Mama alibaki kwenye lango. "Ana kazi nyingi," aliniambia, ingawa sikuwa nimeuliza. Kuku tulimla sisi wawili. Nilipewa kiti changu cha dirishani, nikapewa na paja, nikaliacha sahanini.

Ndugu yangu aliporudi tena, baada ya wiki mbili, mama alikuwa amezeeka, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Hakuchinja kitu. Mchana, ndugu yangu yuko sokoni na mama yuko mtoni kwa maji ya ndama, niliingia sebuleni na gambuti zangu, nikapitisha mkono nyuma ya meza, nikachomoa. Nje hakukuwa na wingu hata moja. Niliacha hivyo mpaka niliposikia watu wakija njiani, ndipo nikarudisha.

Jioni alitazama simu yake, akanitazama mimi, akatema mate nje ya mlango. Sikukana. Alisema hatanisahau kwa hili, na nadhani ni kweli. Halafu akaingiza begi lake ndani.

Nikiwa zizini nakamua niliwasikia jikoni, yeye na mama, wanacheka. Mama alicheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumtoa. Wivu uliniuma palepale unaponiumaga, nikaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, nikamaliza kukamua, kisha nikawapelekea maziwa ya chai.