S ya Safi Mara Tatu

Mpwa wangu tunamwita Kamera. Jina hilo nilimpa mimi, na akitokea mtu kudai ni lake mwambieni aje tuonane. Ni mtoto wa tatu wa dada yangu, na ana chumba chake cha kupigia picha kati ya kinyozi na duka la vipuri: pazia la buluu, kiti kirefu kisicho na mgongo, taa mbili zenye miavuli, na kioo ambacho wateja hujitazamia mpaka unatamani kuwatoza kodi. Picha za vitambulisho, za mahafali, za watoto wanaolia. Tangu baba yake afariki nyumba inakula kwa kazi hiyo, na sijasikia mtu aliyerudisha picha akilalamika kwamba hakujiona humo.

Ana mume pia. Huyo anaitwa Mjuaji, na hilo hakupewa na mtu, alijitafutia kwa juhudi zake mwenyewe. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje ili arudi kukusahihisha. Mimi pia najua mengi, ingawa niliishia darasa la sita, lakini mimi nayajua kweli.

Sasa dada yangu macho yanamzimikia. Daktari alisema bila kuzunguka: kabla ya mwaka kwisha atabaki na mwanga na giza tu. Dada hakulia. Alimwita Kamera akamwonyesha ukuta unaotazamana na kitanda chake.

"Nataka ukuta huu wote. Niwekee wanangu wanne hapa, nyuso kubwa kama sinia. Niwaone mpaka nitakapoacha kuona."

Wanne hao hawakuwa wamekaa chumba kimoja tangu mazishi ya baba yao. Kaka yao mkubwa anachimba visima katika nchi za watu na alikuwa amekuja kwa siku chache tu, mkataba mpya mfukoni, wa miaka mingi. Kwa hiyo ilikuwa ni siku ile au basi tena.

Kamera alijiandaa kama mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Akapanga viti vinne sebuleni, akasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akapiga viti vitupu ili kupima mwanga. Ile kamera yenyewe ni ya zamani, nzito kama tofali, ila akiielekeza vizuri haimwangushi. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa jambo moja: yeye mwenyewe ni mmoja wa wale wanne. Ilibidi mtu mwingine abonyeze, maana saa ya kamera ya kujipigia haioni nani kafumba macho.

"Kibonyezo ni hiki," alimwambia mumewe. "Usiguse kingine."

"Mke wangu, unaongea na mtu mzima."

Akaenda kubadilisha gauni. Mimi nilikuwa nimekwenda kumshika dada mkono nimlete sebuleni. Kwa hiyo mtu mzima akabaki peke yake na kamera. Tuliporudi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama askari wa benki. Wanne wakaketi, naye akabonyeza ile saa inayohesabu kabla ya kupiga, kisha, bila kuombwa na mtu yeyote, akakimbia akajibanza pembeni ya picha, mdomo wazi. Wakapiga tena na tena. Kamera akatazama kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, akaona wote wapo, macho wazi, akaridhika. Kioo kile ni kama suti ya kuazima, hakuna asiyependeza ndani yake. Alfajiri yake kaka yao akaondoka.

Asubuhi hiyo hiyo mimi na Kamera tukaenda kwa fundi wa mabango, yule anayechapa matangazo ya ukubwa wa nyumba. Fundi akafungua picha kwenye kompyuta, akaikuza, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Dada, hii umeitoa kwenye simu ya mtu?"

"Imetoka kwenye kamera yangu."

"Basi kamera yako inaumwa. Ona."

Nikasogea. Kaka yao mkubwa hakuwa na uso. Alikuwa na vigae: kigae cha kahawia, kigae cheusi, kigae cha kahawia tena, kama sakafu ya bafu iliyotengenezwa na mlevi. Kitinda mimba alikuwa na jicho moja la mraba.

Kamera akachomoa kadi yake ya picha, tukatoka. Alinieleza njiani. Picha ya kamera ni vigae vidogo vidogo tangu mwanzo. Ukichagua kubwa vinakuwa mamilioni, faili linakuwa zito na kadi inajaa upesi, lakini unaweza kuitandaza ukutani. Ukichagua ndogo vinabaki vichache, faili linakuwa jepesi, na ukiitandaza, kila kigae kinavimba kama chapa ya muhuri. Tena kuna kule kubana: kamera inaweza kulikaza faili mpaka liwe jepesi zaidi, na kilichotupwa wakati wa kubanwa hakirudi hata uombe kwa magoti.

"Kwa hiyo haitengenezeki?"

"Mjomba, utamtengenezaje mtu kwa kitu ambacho hakipo?"

Tulimkuta Mjuaji kwa dada, anakunywa chai.

"Nani kagusa kamera?" mkewe akauliza.

"Hakuna aliyeigusa. Niliirekebisha."

Niliweka kofia yangu juu ya meza. Niliona nitahitaji mikono yote miwili.

"Ulikuwa umeiacha kwenye L," akaendelea, ametulia kabisa. "L, legelege. Nikasema mke wangu ana mawazo, kasahau. Nikaenda M. M nikaona mbovu. Mbele nikakuta S, safi. Halafu kumbe kuna S moja, S mbili, S tatu. Sasa mtu mwenye akili achukue safi mara moja, wakati safi mara tatu ipo?"

"Na ile alama ya pembeni?"

"Zilikuwa mbili. Moja laini, imeteleza kama mteremko. Nyingine ngazi. Anayetaka maendeleo anachagua nini? Tena nilipochagua, idadi ya picha zilizobaki ikapanda ikawa maelfu. Nikajua hapo nimepatia."

Kwa kitambo kidogo, nakiri, nilijikuta nafuata hesabu yake. Kisha nikamtazama mpwa wangu, nikaitafuta ile stendi ya miguu mitatu nimvunjie mgongoni.

Kamera aliwahi. Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya chai, akaweka picha moja.

"L kwa Kizungu ni kubwa, S tatu ni ndogo kuliko zote, na ngazi yako ndiyo ya kubana. Hii ndiyo legelege yangu. Tazama."

Vilikuwa vile viti vinne vitupu, alivyopima navyo mwanga. Akavikuza. Vikaonekana vichwa vya misumari. Akakuza tena. Ukaonekana uzi uliochomoka kwenye kitambaa, na nzi aliyetua penye kiti cha kaka yao, mabawa yake yana mishipa.

"Nzi nimempata," akasema. "Nzi naweza kumweka ukuta mzima, mama amhesabu miguu. Kaka yangu sina."

"Lakini mimi nilikusudia..."

"Nyamaza. Nilikwambia usiguse. Nilikwambia maneno mawili, na mama hana mwaka mwingine."

Sauti ya dada ikatoka chumbani. Kumbe alikuwa anasikia yote. "Ichapeni hivyo hivyo."

"Mama, sibandiki aibu ukutani kwako."

"Ukuta ni wa nani?"

Ikachapwa. Fundi wa mabango alikuja mwenyewe kuibandika, anatazama chini kama mtu aliyeleta maiti nyumba siyo. Kutoka pale tuliposimama ilikuwa vigae vitupu. Kamera alisimama mlangoni, mikono imefumbatwa, hata hakutaka kuingia.

Dada akakaa kitandani. Akatazama. Akawapitia mmoja mmoja.

"Kaka yenu kakonda," akasema. "Huko wanampa chakula kweli? Na kitinda mimba anacheka upande mmoja, kama baba yake. Kamera, mbona umenuna siku ya picha?"

Nikadhani anatuliwaza. Kamera naye akadhani hivyo, maana alikuja mpaka kitandani, akakaa pale pale alipo mama yake, akakodoa, kisha akafumba macho nusu. Nikamwona akiduwaa. Nami nikafumba nusu. Vigae vikayeyuka, nyuso zikarudi, wote wanne. Macho mabovu ya dada yalikuwa yanavilainisha. Nikafumbua, bafu likarudi.

"Si nilisema?" Mjuaji akadakia kutoka nyuma. "Safi."

Kamera aligeuka polepole. Sijawahi kumwona binadamu akigeuka polepole kiasi kile.

"Na huyu wa pembeni ni nani?" dada akawahi kuuliza.

"Ni mimi, mama. Mkwe wako."

"Aa. Wewe hujatoka vizuri." Akamgusa binti yake goti. "Anakatika?"

"Anakatika, mama."

"Mkate."

Kamera akaomba kisu cha fundi, akakata kuanzia darini mpaka sakafuni. Akabandua kile kipande kirefu, akakikunja, akamkabidhi mumewe.

"Kitazame ukiwa umefumba macho yote mawili," akamwambia. "Utajiona safi mara tatu."