Dawa ya Pamba kwenye Mishiri

Mwanangu, nakumbuka asubuhi ile lori liliporudi kijijini kwetu Kwanza na kreti zetu zote za mishiri, yale maharagwe membamba tuliyokuwa tukiuza Ulaya. Dereva alishuka, akatupa karatasi, akasema tu, "Wamepima, wamekuta dawa mbaya." Kikundi chetu kizima cha wakulima kilizizunguka zile kreti. Mimi peke yangu nilijua dawa hiyo ilitoka wapi, au ndivyo nilivyodhani.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa kijana mwenye mdomo. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameleta masharti mapya: stoo ya dawa yenye kufuli, choo karibu na shamba, banda la kuchambulia lenye sakafu ya simenti, na dawa zile walizoruhusu pekee, ambazo zilikuwa ghali. Ukipiga dawa, ungoje siku zitimie ndipo uchume. Mkutanoni niliwachekesha watu: "Kwani Mzungu anakula mishiri ama anakula choo changu?"

Aliyenikemea ni Wafula, mwenyekiti wetu. Yeye ni bakoki wangu. Tulitahiriwa siku moja kule Kibabii, Bungoma, na kwetu Wabukusu mtu huyo humfichi kitu. Alikuwa ameuza fahali wake ili lile banda lijengwe.

"Bakoki, hii si ya Mzungu pekee," alisema. "Pampu za dawa tunaoshea kwa mto, na huo mto ndio watoto wetu wanakunywa. Tena sisi wote tuko na namba moja. Mmoja akiharibu, tumeharibu wote."

Ni kweli, mazao yetu yalichanganywa bandani na kwenda Ulaya kwa namba moja ya kikundi. Nilisikia, sikushika. Msimu ule wadudu waliingia shambani kwangu, nami nikaionea uchungu bei ya dawa iliyoruhusiwa. Nikakumbuka chupa iliyobaki kwa baba kule Kibabii tangu enzi za pamba, dawa ambayo serikali ilikuwa imeshaipiga marufuku. Niliileta nimeificha ndani ya gunia la viazi vitamu. Nikapiga, nikachuma siku ya tatu, na mishiri ilikuwa mizuri ajabu.

Basi lori liliporudi, watu walimgeukia Wafula, kwa kuwa ufunguo wa stoo ulikuwa kwake. "Ati mwenyekiti, si ni wewe unatupatia dawa? Umetumaliza, bana!" alilia mama mmoja aliyekuwa ameacha mahindi apande mishiri. Wafula aliisoma ile karatasi, akanitazama mara moja. Nikatazama viatu vyangu. Namba yetu ilifutwa, wanunuzi wakaenda kwingine, naye Wafula akafunga mizigo akarudi Bungoma.

Miaka sita niliishi karibu na lile banda tupu. Majirani walinisalimia vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu pekee ambaye ningeweza kumweleza ndiye niliyemnyamazia. Nilikuwa mpweke, mwanangu, hata kanisani katikati ya watu.

Mwishowe nilienda Kibabii. Nilimkuta Wafula uani akipukuchua mahindi, nikasema yote nikiwa nimesimama. Hakushtuka.

"Jina la dawa lilikuwa kwa karatasi," alisema. "Hiyo chupa nimeiona kwa baba yako tangu tukiwa watoto. Nilikuwa nangoja useme."

Aliniletea chai. Tulikunywa pamoja pale uani, lakini kijijini Kwanza hakurudi tena.

Sikwambii kila sharti ni la haki. Mengine huandikwa na watu wasiolijua tope letu, na gharama humwangukia mkulima mdogo. Ukiona sharti ni zito, lipinge mkutanoni, kwa sauti, watu wakusikie. Lakini ukishakubali kuuza kwa namba moja na wenzako, usilivunje kwa siri, maana gharama uliyoikwepa wewe italipwa na mwenzako. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo.

Mungu akupe shamba lenye rutuba na mto safi wa kunywa. Akupe pia mtu wa kukungoja useme ukweli, nawe usimngojeshe miaka sita.