Mbuzi wa Kidole

Avelina hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa kosa asilolitenda, na hilo lijulikane mapema, maana Mei ile ya mwaka 2002, katika nyumba yao ya kupanga kule ughaibuni, Lewisville, hapakuzungumzwa jambo jingine. Shangazi yake, Ma Koletha, alikuwa amekuja kutoka Muleba kumwona mtoto mchanga. Alikuja na kahawa ya kutafuna, akaja na senene waliokaushwa, na chini ya vyote hivyo akaja na ujumbe wa ukoo. Julai kutakuwa na misa ya kumbukumbu ya marehemu baba yake Avelina na msalaba wake utasimikwa. Kabla ya hapo, Avelina atoe mbuzi na kuomba radhi mbele ya ndugu wote kwa kumuua baba yake.

"Nilimuua kwa kitu gani?" aliuliza Avelina.

"Unakijua mwenyewe."

"Nataka ukitaje, shangazi."

"Kwa kidole," alisema Ma Koletha, akaendelea kumpaka mtoto mafuta.

Haya, sikieni kesi yenyewe. Baba yake alikuwa mchuuzi wa ndizi, akizipeleka visiwani kwa boti. Siku hiyo Avelina, mtoto wa darasa la kwanza, alikuwa amesimama mwaloni, pale ufukoni boti zinapofungwa, akimwangalia baba akiondoka. Kwa mbali ukateremka kutoka mawinguni ule upepo wa kuzunguka unaonyonya maji ya ziwa. Kwao huitwa nyoka, na ni mwiko kumnyooshea kidole, kwa sababu akijua ameonwa hukasirika. Mtoto akanyoosha kidole. Boti haikurudi. Watu waliokuwa mwaloni walikumbuka kidole tu, na jioni ile shangazi akakifunga kwa kitambaa chenye majivu. Tangu hapo Avelina alikua akiitwa Mwenye Kidole, shuleni, kisimani, hata siku ya harusi yake. Ni uonevu mtupu, na atakayesema sivyo aseme mbele ya Avelina.

Ndiyo maana ukitaka kumjua mwanamke huyu usianzie kwenye maabara ya hospitali alikokuwa akipima damu za watu. Anzia barabarani. Kila majira ya kuchipua, siku zake za mapumziko, alikuwa anachukua gari na kwenda magharibi, nyikani, kuufuata upepo ule ule ambao wenzake walikuwa wanajificha bafuni wakiusikia unatajwa. Alikwenda kujifunza mawingu katika kituo cha zimamoto, darasa la bure, akakaa katikati ya wakulima wenye kofia pana mpaka akajua wingu gani ni la kuogopesha watoto na lipi ni lenyewe. Watanzania wenzake kanisani wakampa jina la Mama Tufani. "Mnaweza kunicheka," aliwajibu. "Mimi nataka kumtazama usoni."

Alikwisha kumwona zaidi ya mara moja. Lakini kunyoosha kidole, hata siku moja! Alikuwa anaonyesha kwa kidevu, au kwa kubinua midomo. Mumewe, Gelasius, mhasibu mpole asiyependa kelele, aliwahi kugeuza gari upande usiotakiwa kwa kufuata midomo hiyo. "Kule wapi, mama?" "Si kule!" Kidole chenyewe kilikuwa kinajikunja kiganjani bila kutumwa, na jambo hilo lilimkera Avelina kuliko ukoo mzima.

Sasa habari ya mbuzi ikamfika kooni.

"Kesho sina kazi, na kesho kuna dhoruba," alimwambia shangazi mezani. "Nitakwenda kumtafuta huyo nyoka wako na nitamnyooshea kidole hiki hiki, mchana kweupe. Akifa mtu, nitatoa ng'ombe. Asipokufa mtu, mbuzi wenu mtamla bila radhi yangu."

"Hunyooshi. Nitakuja nikushike mkono."

"Njoo! Viti vipo."

Gelasius akashusha kijiko. "Nita-drive mimi," alisema. "Nyinyi wawili mkiwa peke yenu garini, dhoruba itatukimbia."

Asubuhi wakampeleka mtoto kwa jirani yao Cécile, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa amerudi kutoka zamu ya ghala. Akampokea mtoto, akamtazama shangazi na rozari yake, akacheka. "Weye Avelina uko na kichwa nguvu! Basi muende. Mutoto atabakia na miye."

Wakapita Denton, wakapita Wichita Falls, nchi ikazidi kulala. Ma Koletha hakuipenda. "Nchi gani hii haina hata kilima cha kupumzishia macho? Mungu alipofika hapa alichoka?" Avelina alikuwa na ramani mapajani na redio ya hali ya hewa sikioni, anamwambia mumewe kata hapa, nyoosha, subiri. Mchana ukageuka. Joto likawa zito, upepo wa kusini ukaanza kuvuta nyasi, na magharibi likasimama wingu moja refu ambalo kichwa chake hakikuonekana kilipoishia.

Walipigwa kidogo na mvua ya mawe, shangazi akaita watakatifu wote wa dayosisi, kisha wakatokea upande wa pili, pakavu. Gelasius akasimamisha gari kwenye barabara ya vumbi iliyokwenda mashariki na magharibi kati ya mashamba ya ngano. Upande wa kaskazini, chini ya wingu lile, kipande cheusi kilikuwa kimening'inia na kinazunguka polepole. Avelina akateremka, akafungua kiti chake cha kukunja lakini hakukikalia.

"Shangazi, teremka ushuhudie!"

"Sishuhudii ushetani." Ma Koletha akateremka hata hivyo, akamshika mpwa wake mkono wa kulia kwa nguvu zote, akalipa wingu mgongo. Akafumba macho, akasali kwa sauti akielekea kusini.

"Niachie, shangazi."

"Sikuachii."

"Niachie! Miaka yote hii nimekikunja kwa ajili yenu. Leo sikikunji."

Wakavutana pale barabarani, mmoja anatazama kaskazini, mwingine kusini. Gelasius alikuwa garini anahangaika na redio iliyojaa mikwaruzo. Ma Koletha akakatisha sala apate pumzi ya kuvutia, akafumbua macho. Mkono wake ukalegea.

Upande wa kusini-magharibi, ambako hakuna aliyekuwa anaangalia, vumbi jekundu lilikuwa linainuka kutoka shambani. Lilikuwa linazunguka. Na juu yake wingu lilikuwa linateremka kulifuata.

"Yesu na Maria!" alipiga ukelele. "Gelasius! Ile pale! Ile pale inakuja! Geuza gari, baba, geuza!"

Avelina akageuka. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono umenyooka wote kutoka begani, na mwisho wa mkono ule kidole cha shahada kikielekea pale pale penye vumbi.

Hapakuwa na nafasi ya kusema neno. Walijitupa garini, Gelasius akageuza na kukanyaga mafuta kuelekea mashariki, changarawe zikalia chini ya gari. Nyuma yao ngurumo ikawa kubwa, masikio yakaziba. Kisha ngurumo ikapungua. Walipopata njia panda wakakata kusini, wakaenda kidogo, wakasimama na kuangalia nyuma. Lile jitu jekundu lilikuwa linavuka barabara pale walipokuwa wamesimama. Likang'oa uzio wa shamba, likachukua kiti cha kukunja, likaenda zake kaskazini-mashariki kwenye ngano tupu.

Avelina akateremka. Akanyoosha kidole. Kilinyooka, akakiacha hewani mpaka mkono ukauma. Shangazi alimwona, wala hakumshika mkono.

"Shangazi, leo wewe umekuwa wa kwanza," alisema Avelina bila kuushusha mkono. "Nani kafa?"

"Mimi sikumnyooshea kwa kiburi! Nilikuwa nawaonyesha nyinyi, ili mpone!"

"Na mimi nilikuwa namwonyesha baba."

Ma Koletha akamgeukia.

"Nilimwita, shangazi. Nilimwambia baba tazama, rudi. Injini ilikuwa inanguruma, hakunisikia. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nilikuwa nasema nini." Sasa alikuwa analia, na alikuwa na hasira kwamba analia. "Gelasius amekusikia, ndiyo maana tu wazima. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu. Mkuki kwa nguruwe! Siombi radhi, si Julai, si siku nyingine yoyote."

Shangazi alikiangalia kidole chake mwenyewe kwa muda, akakifunika kwa mkono mwingine. Akaingia garini, na njia nzima hakuisema nchi ile vibaya.

Walipofika kituo cha mafuta karibu na Wichita Falls, akaomba simu na ile kadi ya kupigia nyumbani.

"Muleba sasa hivi wamelala," alisema Gelasius.

"Waamke."

Akasimama kando ya pampu, khanga imejaa vumbi, akipaza sauti kama mtu anayetaka kusikiwa Muleba bila waya. "Haloo! Ni mimi, Koletha. Yule mbuzi mmeshamfunga? … Mfungulieni, ale majani. … Nani? Haombi. Nimesema haombi! Ukoo ukitaka radhi, mimi ndiye nitakayeiomba, kwake. … Sikilizeni basi, msinikate kauli! Msalaba wa kaka yangu atausimika mtoto wake, kwa mkono ule ule wa kulia."

Akamrudishia Avelina simu. Akasema ana njaa, na kwamba yeye hali chakula cha hoteli, wamwahishe nyumbani akapike ndizi.