Onja Kwanza

Uji wa mtama ukiungulia chini ya sufuria, harufu yake hunirudisha kambi ya Benaco, kando ya barabara, nimeshika kanga ya mama. Mhubiri mmoja wa kike alikuwa akitugawia sisi wakimbizi uji huku akiimba pambio. Mama alipokea kikombe, akamwambia kwa heshima, "Onja kwanza, dada." Kwetu mgeni hanywi mwenyeji hajaonja.

"Kwani nimetia sumu?" Akampokonya mama kikombe, akaumwaga uji wetu vumbini, akaendelea kuimba.

Siku hizi nauza uji Nyakanazi. Leo asubuhi kaja bibi kizee, akiniomba uji kwa jina la Yesu. Sauti niliijua.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikajaza kikombe. Nikaonja mbele yake. Nikaendelea kuonja mpaka kikawa kitupu.