Siku Niliyolisifu Gunia la Njugu

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi katika ukoo wetu, kila mara na mtu mwingine, huku mimi nikijitia kutafuta kijiko jikoni, na leo nimeamua kukisimulia mwenyewe, maana aibu ni yangu na sioni kwa nini kaka yangu Odhiambo aendelee kuitumia kama mali yake.

Mimi ni afisa wa kilimo. Kwa miaka sita nimewafikia wakulima wa Uriri kwa pikipiki, na sijawahi kuanguka (isipokuwa mara moja, mbele ya ng'ombe wawili ambao hawakumwambia mtu). Mume wangu, Baba Atieno, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzito wa mwili na wa maneno, ambaye tangu boda boda ilipomtumbukiza mtaroni akiwa mwalimu mchanga aliapa kwamba yeye na pikipiki wataonana kwa mbali. Ningemwacha na kiapo chake kama si mama yangu, kule kisiwani Rusinga, ambaye hakupata kuizoea sura ya binti yake, mama wa watoto wanne, juu ya magurudumu mawili. Ukoo ulipopanga kukutana Jumapili moja (Jumamosi haiwezekani, mama ni Msabato) ili kumwingiza katika nyumba yake mpya, alinipigia simu akanitolea hukumu: nimlete mkwe wake kwa hiyo pikipiki, akifika mzima, yeye atanyamaza na hatalitaja tena jambo hilo, asipofika nayo, niiuze. Nilikubali kwa kiburi, na neno nililompa mama yangu huwa silirudishi, ingawa nilijua vizuri kwamba bila pikipiki ile mimi nitakuwa afisa wa kiti.

Nilimweleza mume wangu sharti hilo. Siku ya tatu aliuliza swali moja tu.

“Mama Atieno, nikianguka huko nyuma, utajua?”

“Mtu wa kilo tisini na tano? Nitakosaje kujua?”

Naomba mlikumbuke jibu hilo.

Tulianza mazoezi katika uwanja wa shule yake, wakati wa likizo, namshukuru Mungu, kwa sababu wanafunzi wangemwona mwalimu wao akiwa amenikumbatia kiunoni kama mtu anayezama, akiinamia kulia kila nilipokata kushoto, akikanyaga kwa nguvu breki ambayo haikuwepo, na kunitangazia kila shimo kana kwamba mimi nilikuwa nimefumba macho. Sikuweza kupumua, seuze kuendesha. Siku ya nne nilizima injini, nikamweka kitako, nikamwambia kwa upole wa mtu aliyechoka kwamba abiria mzuri hashiki dereva, haegemei upande anaoutaka yeye, na hazungumzi.

“Jifanye gunia,” nikamwambia. “Umewahi kuona gunia likinisumbua?”

Akafikiri, akasema hajawahi.

Siku ya safari alivaa kaunda suti yake ya kijivu, ile ya kufungulia mikutano ya wazazi, na helmeti juu yake. Simu yake na miwani tulivitia katika mkoba wangu ili visianguke. Kwenye keria, nyuma yake, tulifunga kwa mpira wa tyubu zawadi ya mama: gunia la njugu za shamba letu, limeshiba na kukaza. Mpaka Rongo nilihisi vidole vyake mbavuni. Mpaka Rodi umebaki mkono mmoja. Tulipoingia Homa Bay alikuwa ameshika keria tu, kimya, nami nilianza kuamini kwamba ualimu ulikuwa kipaji changu nilichokosea kukitumia kwa mahindi.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Gunia lilikuwa limeteleza, na mume wangu, mtu wa utaratibu, akalifungua ili alifunge upya. Hapo ndipo Odhiambo alipopiga simu.

“Dada, shemeji bado yuko, au umemwangusha Rongo?”

Nilisogea kando nikamjibu alivyostahili, na majibu yangu, lazima nikiri, huwa marefu. Mume wangu naye (haya niliyajua baadaye) akalivuta gunia juu ya kiti, akalifunga pale kwa muda lisije likaanguka, akaniambia “Nakuja,” akaenda msalani. Mimi nikamaliza kugombana, nikavaa helmeti nikiwa bado nafoka peke yangu, nikapanda bila kutazama nyuma, nikahisi uzito uliotulia na wenye joto mgongoni.

“Umekaa?” nikauliza.

Hakujibu. Nikafurahi, maana nilikuwa nimemkataza kuzungumza.

Jamani, sijawahi kubeba abiria wa namna ile. Njia nzima ya kwenda Mbita hakushika, hakuegemea, hakutangaza shimo hata moja. Simu iliita mkobani mara saba, nami sikuipokea, kwa sababu dereva mwenye adabu hapokei simu barabarani, na hilo pia nilimweleza, kwa sauti ya juu ili asikie ndani ya helmeti. Nilimsifu kwenye kona, nikamsifu kwenye mteremko. Karibu na Mbita, ziwa lilipojitokeza lote upande wa kulia, moyo wangu ulilainika, nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwambia katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa. Hakusema kitu. Nikadhani ameguswa.

Tulivuka daraja la Rusinga (nasema tulivuka, mimi na njugu) na kuingia uani kwa mama. Shangazi Perpetua alikuwa ameanza vigelegele tangu aliposikia injini, mashemeji wamesimama mstari kando ya hema, mama yumo mlangoni mwa nyumba mpya. Nikasimamisha pikipiki katikati yao, nikakaza mgongo, nikatangaza kabla hata sijavua helmeti:

“Mama, mkwe wako huyu hapa. Ametulia kuliko nyinyi nyote.”

Vigelegele vilikatika. Shangazi akasogea, akazunguka nyuma yangu polepole, akalipapasa gunia.

“Tunamwona,” akasema. “Amekonda, lakini tunamwona.”

Nikageuka. Sitaeleza nilichohisi, mwenye mume atajua, na asiye naye akisikie tu kicheko cha Odhiambo kilichofuata. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka lile swali lake, na kwa dakika nzima niliamini kwamba ameanguka mahali fulani na sikujua. Nikaufungua mkoba. Simu zote saba zilikuwa za namba moja nisiyoijua. Nikapiga. Mhudumu wa kituo cha mafuta akapokea, akaniambia kwa utaratibu kwamba mzee aliyesahauliwa alikwishapanda boda boda, na kwamba alikuwa na huzuni kidogo lakini hana jeraha.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Mama aliingia ndani, akatoka na kiti, akaketi akiitazama pikipiki kama ng'ombe wa kuuzwa, maana sharti lake lilikuwa wazi nami nilikuwa nimelivunja mbele ya mashahidi thelathini.

Boda boda ikaingia. Mume wangu alikuwa amekaa wima nyuma ya yule kijana, mikono kwenye keria, mtulivu kama hakimu. Mwendeshaji akasema hajabeba abiria mzuri kama huyu mwaka mzima, amefundishwa na nani? Watu wakanitazama mimi. Shangazi akaleta leso, akapendekeza nimfunge mgongoni wakati wa kurudi, kama mtoto.

Mama akangoja kelele ziishe. Akamuuliza mkwe wake, kutoka mbali kama heshima inavyotaka: “Mwanangu, aiuze?”

Baba Atieno akavua helmeti, akaikumbatia kifuani.

“Mama, miaka yote niliogopa kuanguka,” akasema. “Sikuanguka. Niliachwa, nikapanda nyingine peke yangu, nikafika. Asiuze. Ila nyumbani nitarudi nayo hiyo hiyo, na safari hii nitazungumza.”

Mama akanyamaza, kama alivyoahidi. Njugu zilipochemshwa, kila aliyechota kiganja alisema mkwe wetu mtamu.

Tangu siku ile siachii klachi kabla sijaita rejista, nami nimeapa nitaiita mpaka nizeeke. Darasa lina mwanafunzi mmoja. “Mwalimu?” nasema. “Nipo,” anajibu, tena sasa anaruhusiwa kunitangazia mashimo, na kuna moja karibu na Rodi ambalo bila yeye ningeliingia. Nilimfundisha mtu asisikike, kisha nikashangaa kwamba sikumsikia.

Mwezi uliopita tulisimama tena kwenye kituo kile cha Homa Bay. Nilizima injini, nikavua helmeti, nikageuka nimtazame usoni, na nikamwambia neno kwa neno kile nilicholiambia gunia.

Naye akavua helmeti yake. Kisha akauliza, “Nalo lilikujibu nini?”